Sura ya Tisa: Majeruhi Wawili Nyuma ya Ghala

Hester Bramwell alikuwa amelala chali kwenye nyasi nyuma ya ghala la Tolley, mguu wake wa kushoto umevunjika mahali pawili, na jua la mwezi wa Mei lilikuwa likimuunguza pua.

Mguu wenyewe ulikuwa mzima. Uliovunjika ni ule ulioandikwa kwenye kikaratasi alichofungiwa kifungoni kwa uzi, kwa mwandiko wa baba yake ulionyooka kama reli: *Mguu wa kushoto, mahali pawili. Fahamu anazo.* Jumamosi hiyo kijiji kizima cha Nether Sallow kilikuwa kwenye zoezi. Mabomu ya kubuni yalianguka saa nane kamili, hayakuchelewa hata dakika, kwa kuwa aliyeyapangia saa ni baba huyo, Mzee Ambrose Bramwell, mkuu wa stesheni kwa miaka ishirini na sita kabla hajastaafu na kuwa mkuu wa walinzi wa kujitolea. Tangu vita vianze, yeye na wenzake kumi na mmoja ndio waliozunguka kijijini kila jioni na kofia zao za chuma, kuhakikisha hakuna dirisha linalovujisha mwanga wa kuwaonyesha njia marubani wa Ujerumani. Hester alikuwa mmoja wao. Mazoezi mengine yote yeye ndiye aliyebeba machela. Leo kura ilimwangukia awe majeruhi.

Mzee alikuwa ameweka sheria. Majeruhi wana ruhusa ya kulia kwa maumivu, ila kwa kiasi. Hawana ruhusa ya kufuma sweta wakisubiri kuokolewa, kama alivyofanya mke wa kasisi zoezi lililopita. Na aliyeandikiwa kufa asitoe neno.

Hester alifumba macho, akawa anawaza habari za sanduku lake la safari, ambalo lilikuwa nyumbani chini ya kitanda, limejaa nusu. Ndipo aliposikia hatua za watu.

"Pale," ilisema sauti ya Bi Lavinia Peverell, mwalimu mkuu wa shule na msaidizi wa baba yake katika ulinzi. "Kando ya huyo mwenye mguu."

"Bi Peverell, pale pana upupu."

"Umekufa, Jethro. Upupu utakuwasha nini?"

Hester akafumbua macho. Juu yake, akiziba nusu ya mbingu, alisimama Jethro Pardew, mwoka mikate wa kijiji, kofia mkononi, kikaratasi kifuani. Nyusi zake zilikuwa na unga hata siku ya zoezi. Alimtazama Hester mara moja, kisha akautazama ukuta wa ghala kana kwamba kuna jambo limeandikwa pale.

"Hakuna pengine pa kumweka?" Hester aliuliza.

"Pengine pote pameshalipuliwa," alijibu Bi Peverell. Akamwonyesha Jethro pa kulala, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka. Hester angeweza kuapa kwamba mama yule alikuwa anatabasamu.

Jethro akalala. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na nafasi hiyo ilikuwa imejaa wiki saba za kimya.

Kabla ya wiki hizo saba mambo yalikuwa mengine. Jioni moja ya mwezi wa kwanza, Hester akiwa zamu, aliona mwanga kwenye dirisha la tanuri la Pardew. Akabisha. Jethro alifungua, mikono imejaa unga uliokandwa hadi viwikoni, akaomba radhi, pazia lilikuwa limedondoka. Akamkaribisha ajipashe moto. Walizungumza kwa nusu saa nzima, juu ya nini Hester asingeweza kukuambia, ila alirudi nyumbani na andazi la moto mfukoni na baridi yote imemtoka mwilini. Wiki mbili baadaye mwanga ukaonekana tena, akabisha tena, wakazungumza kwa saa nzima.

Mara ya tatu hakuwa peke yake. Alikuwa na polisi wa kata. Mwanga ukawatokea machoni wote wawili, na polisi akamtazama kuona ataandika au hataandika. Hester akatoa daftari, akaandika. Alimwita "Bwana Pardew" mbele ya polisi, na jina lenyewe akaliandika vibaya.

Jethro akapelekwa kwa hakimu. Alikiri kosa, hakujitetea hata kwa neno moja, akarudi, na tangu siku hiyo hakumsemesha Hester. Akiingia posta, ambako Hester alikuwa karani, alijipanga kwenye foleni ya yule karani mwingine, hata kama foleni hiyo ilikuwa inafika mlangoni. Na mama yake, Keziah Pardew, aliyekuwa akiuza dukani, alimpa Hester mkate uliokauka kuliko yote kila asubuhi, bila salamu.

Sasa mtu mwenyewe alikuwa amelala hapa, sikio lake la kushoto upande wa Hester. Sikio hilo lilikuwa halisikii kitu tangu surua ya utotoni. Ndilo lililolifanya jeshi limkatae.

Hester aliutazama ule uso wa pembeni, taya iliyokaza, kope nyeupe za unga. Siku tano zilikuwa zimebaki kabla hajaondoka. Akamwambia lile sikio, polepole, kama mtu anayejaribu nguo asiyokusudia kuinunua, "Nimekukumbuka sana, Jethro."

Jethro akageuka ubavu. "Umesema?"

"Nimesema upupu unawasha."

"Unawasha kweli." Akabaki vile vile, amemgeukia, kwa kuwa hivyo tu ndivyo angeweza kumsikia. Macho yake yalikuwa ya kijivu. Hester alikuwa amesahau, au alikuwa amejilazimisha kusahau.

"Huruhusiwi kusema," akamwambia. "Umekufa."

"Najua. Bahati yangu. Mtu akishakufa hatapelekwa kwa hakimu mara ya pili."

Neno lile likamchoma. "Kumbe ndiyo hayo. Basi yatoe yote, Jethro. Wiki saba umenipita kama nguzo ya simu. Ulitaka nifanye nini? Polisi alikuwa amesimama begani kwangu. Nikuache wewe, halafu kesho nimwandike bibi kizee mwenye mshumaa mmoja?"

"Sikutaka usiniandike."

"Mbona ulikasirika?"

"Nani amekwambia nilikasirika?"

"Mama yako. Kila asubuhi, kwa mkate."

Jethro akafunika uso kwa kofia yake. Alipoiondoa, masikio yote mawili yalikuwa mekundu, lile zima na lile bovu. "Mama hajui jambo lenyewe. Hakuna anayelijua. Nilitaka uondoke bila kulijua na wewe, lakini nimeona siwezi. Juzi Bi Peverell amekuja dukani kuagiza keki ya kukuagia. Keki ya karoti, sukari hakuna. Akaniambia nimwokee Hester wetu keki nzuri, anaenda Bristol Alhamisi kuendesha magari ya wagonjwa. Nikasema sawa. Halafu nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la unga mpaka mama akadhani nimeugua."

"Ni jambo gani asilolijua mama yako?"

Upande wa pili wa ghala filimbi ya Mzee Bramwell ililia, na wabeba machela wakapita mbio, wakielekea upande usio sahihi.

"Pazia la mara ya kwanza lilidondoka lenyewe," Jethro akasema. "La mara ya pili nililitoa kwenye msumari. Kidogo tu, upana wa kidole. La tatu pia."

Hester alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa.

"Ulifanya makusudi?"

"Sikuwa na sababu nyingine ya kukufanya ubishe."

"Jethro Pardew." Hester aliinuka akakaa, pamoja na mguu wake uliovunjika. "Ndege zilikuwa zinapita juu yetu kwenda Bristol kila usiku wa mwezi ule. Kila usiku. Kijiji kizima kimelala, mama yako amelala ghorofani, na wewe unawasha taa ili upate mtu wa kuongea naye?"

"Ndiyo."

"Hukuwa na mdomo? Huijui posta iliko? Stempu tu ungekuja kununua."

"Nilinunua stempu. Ninazo nyingi kuliko ofisi yenu. Sina mtu wa kumwandikia." Hakucheka aliposema hivyo, na Hester hakucheka, ingawa kicheko kilimfika kooni. "Hakimu aliponiuliza sababu, niliiona mbele yangu vile ilivyo, kama ulivyoisema sasa. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu. Nikaona haya, Hester. Haya hasa. Ningekutazamaje usoni? Wewe unazunguka kwenye mvua kulinda watu, na mimi ndiye niliyekuwa nawaweka hatarini, kwa ajili ya nusu saa ya kukusikia ukisema jinsi mke wa kasisi anavyolamba bahasha. Ndiyo maana nilikukwepa. Hasira sikuwa nayo hata siku moja."

Hester alikuwa amekasirika, kweli amekasirika, na ndani ya hasira ile kitu kingine kilikuwa kikipanda taratibu, kitamu, hakizuiliki. Wiki saba alikuwa analala akidhani anachukiwa. Alijaza fomu za Bristol kwa sababu watu walihitajika huko, hilo ni kweli, lakini alizijaza siku ile ile aliyomwona akihama foleni.

"Ulikuwa upumbavu wa hatari," akasema mwishowe.

"Najua."

"Ukirudia nitakuandika tena, na safari hii kwa mwandiko mzuri."

"Sitarudia. Nimelipigilia pazia misumari kumi na miwili."

Hapo Hester akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata akalazimika kujiziba mdomo kwa kofia ya chuma. Jethro alimtazama akicheka, na uso wake ukabadilika, ukawa ule wa karibu na tanuri, ule wa jioni ya kwanza.

"Geuza sikio lako zima," Hester akamwambia alipopata pumzi. "Kuna kitu nilikwambia upande usiosikia."

Akageuza. Hester akainama mpaka nywele zake zikagusa shavu la Jethro, akarudia maneno matatu aliyoyasema mwanzo. Harufu ya Jethro ilikuwa ya hamira na sabuni. Jethro alibaki ameinamisha kichwa kwa muda, kama mtu anayetaka maneno yakae vizuri kabla hajasogea.

"Basi nioe mimi," akasema.

"Anayeoa ni wewe."

"Nimechanganyikiwa. Nikuoe. Unakubali nikuoe?"

"Ninaondoka Alhamisi, Jethro. Nimewapa neno langu kwa miezi mitatu, na silirudishi."

"Sijakwambia usiende. Nimekuuliza kama utarudi kwangu."

Hester alifungua mdomo kujibu, na ndipo sauti ikasema juu ya vichwa vyao:

"Nani anazungumza huko?"

Mzee Bramwell alikuwa kwenye kona ya ghala, saa mkononi, filimbi shingoni. Nyuma yake wabeba machela wanne walikuwa wanahema, nyuma yao Bi Peverell na daftari lake, na nyuma zaidi nusu ya kijiji, kwa kuwa majeruhi wengine wote walikuwa wameshaokolewa na kupewa chai.

"Dakika hamsini na tano," Mzee akasema. "Majeruhi dakika hamsini na tano bila msaada. Bi Peverell, kwenye daftari hapa nyuma ya ghala pameandikwa 'hakuna mtu'. Ni mwandiko wako."

"Nitakuwa nimekosea," alisema Bi Peverell bila wasiwasi.

"Na wewe, Pardew, kikaratasi chako kinasemaje?"

Jethro akasimama, akajikung'uta nyasi. "Kinasema nimekufa, mzee. Lakini nina neno nataka kukuambia."

"Marehemu hana neno."

"Nataka kumwoa Hester."

Mzee Bramwell alitazama saa yake, kana kwamba jambo hili limewasili kabla ya wakati. Uso ukamkaza. "Tulishazungumza habari zako wakati wa baridi, mimi na binti yangu, aliporudi na andazi lako. Nilimwambia, na nakwambia wewe. Kwanza, sisi ni Waanglikana, kwetu hatujaoza kwa Wamethodisti kama ninyi. Pili, mtu aliyemulika taa angani si mtu wa kumkabidhi binti."

"La pili ni haki yako, mzee. Na ni baya kuliko unavyojua." Jethro akalieleza lote, pale pale, mbele ya watu, pazia na msumari na upana wa kidole. Hakujipamba.

Kabla Mzee hajapata la kusema, mama mmoja mfupi alipasua kundi la watu. Keziah Pardew alikuwa na bendeji kichwani na kikaratasi kisemacho *Amerukwa na akili kwa hofu*, kazi aliyoifanya tangu saa nane kwa furaha kubwa. Sasa hakuwa anaigiza. Alimfikia mwanawe akampiga begani kwa mkoba.

"Makusudi?" akasema. "Mimi nimelala ghorofani na roho yangu, kumbe wewe unawaonyesha Wajerumani njia? Na mimi wiki saba namwadhibu mtoto wa watu kwa mkate mkavu?" Akamgeukia Hester, ambaye alikuwa bado amekaa kwenye nyasi. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa sijui, Mama Pardew. Nimejua sasa hivi."

"Kesho utachukua mkate wa kwanza kutoka tanurini. Na keshokutwa. Nisamehe." Akampa mkono, akamvuta asimame.

"Hester, lala chini," Mzee akasema. "Mguu wako umevunjika."

"Mguu wangu mzima, baba. Na nina miaka ishirini na tisa. Naomba unisikilize." Hester alimsogelea, akashusha sauti, lakini kila mtu alisogea ili asikie. "Alichofanya ni kibaya, na mimi ndiye niliyemwandika. Ukitaka kumkataa kwa hilo, mkatae, nitakuelewa. Lakini usimkatae kwa Umethodisti wake. Si hilo linalokusumbua."

"Kinanisumbua nini basi?"

"Tangu mama afe tunakula chakula cha jioni wawili. Alhamisi utakula peke yako. Na nikirudi nikaolewa, utakula peke yako."

Mzee alifungua saa, akaifunga. Masharubu yake yalitikisika kidogo, na Hester akaona kwa mara ya kwanza jinsi baba yake alivyozeeka shingoni.

"Duka letu liko hatua thelathini kutoka mlangoni kwenu, mzee," Jethro akasema taratibu. "Meza ipo. Mama hupika chakula cha watu sita tangu kaka zangu waende vitani, hajajifunza kupunguza."

"Nitajifunza vita vikiisha," Keziah akasema.

"Na Bristol?" Mzee akauliza. "Miezi mitatu. Utamwacha huko na mabomu?"

"Nitamfuata kila Jumapili. Nitapanda treni."

"Jumapili hakuna treni ya moja kwa moja." Yalimtoka kabla hajafikiri. "Ya saa mbili na dakika kumi inaishia njiani. Utashuka, utavuka daraja la stesheni, usikae kwenye chumba cha kusubiria maana pale hutasikia wakitangaza, hasa wewe na sikio lako. Simama kwenye jukwaa la pili, karibu na saa. Ya saa tatu na nusu itakufikisha Bristol kabla ya saa tano. Kurudi, usichukue ya mwisho, huwa imejaa wanajeshi. Chukua ya kabla yake." Akatulia. Akamtazama Jethro kutoka nyusi hadi viatu. "Nitakuandikia. Utasahau."

Hester akaweka mkono mdomoni. Aliona kwamba watu wengine hawajaelewa bado kilichotokea. Keziah ndiye aliyefuata kuelewa.

"Basi harusi mwezi wa tisa," akasema. "Baada ya mavuno. Kanisa letu limepakwa rangi juzi tu."

"Kanisa lenu?" Mzee akageuka. "Binti yangu amebatizwa Anglikana, ataolewa Anglikana. Mama yake amezikwa pale."

"Kengele zenu zenyewe zimekatazwa hadi vita viishe. Mtaingia kimya kama mnaenda kuzika. Sisi tuna kinanda."

"Kinanda chenu kinakohoa, Bi Keziah. Nakisikia kutoka nyumbani kwangu."

"Kama unakisikia, ungeingia."

Wakaendelea hivyo, mmoja na filimbi, mwingine na bendeji inayomteremkia jichoni. Wabeba machela wakaiweka machela chini wakaikalia. Bi Peverell akafunga daftari.

"Umesikia?" Jethro akamnong'oneza Hester. "Wanagombana."

"Wanagombania mahali tu," Hester akasema.

Akaona jambo hilo likimfika Jethro polepole, kwanza machoni, kisha mdomoni, kisha mabegani ambayo yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. "Hujanijibu bado," Jethro akamwambia. "Nilikuuliza kama utarudi kwangu."

"Nitarudi," Hester akasema. "Ndiyo. Nitarudi kwako."

Akamshika kwa kola ya koti, akainuka kwa ncha za vidole, akambusu, kwenye jua, mbele ya baba yake na mama wa Jethro na watu wote wa Nether Sallow waliokuwa na nafasi ya kutazama. Unga wa nyusi za Jethro ukambaki Hester kwenye paji la uso, na hakuufuta mchana wote.